Figa la Upande wa Mlango

Magongo, Changamwe
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Sidi,

Wewe na baba yako mmepanda basi la asubuhi kwenda Rabai kumuaga nyanyako, nami nimebaki na sanduku lako, liko wazi kitandani linanitazama. Nimelipanga mara mbili na kulipangua mara mbili. Kila nikikunja gauni naona halikukunjwa kama ulivyokunja wewe, basi nalitoa tena. Sasa nimeliacha. Nimeketi mezani, nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za kufua, wala kusali kabla ya kulala, wala kuchagua rafiki. Kufua unanishinda. Kusali ulifundishwa na mtu aliyekupenda kabla yangu. Na rafiki utawachagua kama sote tulivyowachagua, kwa kukosea kwanza. Nataka kukuambia jambo moja tu, lakini siwezi kulifikia upesi, maana nikilisema bila kukueleza jinsi nilivyokuwa miezi hii mitano, utadhani nilikuwa mtu mbaya. Sikuwa mbaya. Nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya nisione mbele yangu.

Naandika "mwanangu" na ulimi wangu unaomba ruhusa. Nimekuzidi miaka tisa tu. Unaniita Mwalimu kama watoto wote wa Magongo wanavyoniita, nami sijawahi kukuomba jina jingine, wala leo sikuombi.

Baba yako nilimwona kwa mara ya kwanza amepiga magoti chini ya dawati. Shule ilikuwa imemwita kutoka kiwanda cha mbao aje kutengeneza madawati yaliyovunjika miguu, akaja kwa baiskeli, mbao kazifunga ubavuni kama mtu aliyebeba mgonjwa kwa uangalifu. Alifanya kazi kutwa bila kusema neno. Alipomaliza akafagia sakafu, na unga wote wa mbao akautia kwenye gunia dogo, akalifunga mdomo kwa kamba. Nikamwuliza anapeleka wapi takataka. Akanitazama kwa yale macho, unayajua, yanayocheka kabla ya mdomo, akaniambia, "Hii, Mwalimu, ni chai ya kesho."

Kumbe kule kiwandani alikuwa na kopo la rangi alilolitoboa chini. Ndani anasimamisha chupa, anaushindilia unga wa mbao pande zote mpaka ukaze, kisha anaichomoa chupa na kuacha tundu katikati. Anawasha kwa chini, na kopo linawaka saa mbili bila moshi wa kumliza mtu. Wenzake wote walikunywa chai ya kopo hilo. Siku ya tatu alilileta shuleni nami nikanywa, na nikirudi nyumbani nilikuwa natembea kama mtu aliyesahau kitu akafurahi kukisahau.

Utasema Mwalimu hana haya. Sina, mwanangu. Nimesoma miaka minne ya sekondari kule bara, nimekariri mito ya nchi ambazo sitaziona, wala hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mwanamume anaweza kukushinda kwa gunia la takataka. Tulipochumbiana nilimsihi auze ile baiskeli anunue pikipiki, kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa ameolewa na karani mwenye gari na mimi nilitaka angalau kitu chenye mlio. Hakunikatalia kwa ukali. Alinisindikiza kutoka shuleni hadi kwetu, akiisukuma baiskeli yake kando yangu, na tulipofika mlangoni akasema, "Baiskeli husukumwa ubavuni mwa mtu. Pikipiki ingekuwa imeshakupita." Sikuitaja pikipiki tena. Hata leo, mvua ikinyesha, anapanda lori la kiwanda, tena anapanda kwa furaha. Si mtu wa kujitesa. Lakini siku kavu namsikia akiteremka kilima cha Changamwe bila kushika breki, na moyo wangu unateremka naye.

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwenu: nimejaa mapenzi, na nimejaa elimu ya upishi niliyopatia alama za juu kuliko wasichana wote wa darasa langu.

Nikakukuta wewe.

Ulikuwa na mitihani ya kuingia chuoni, na ulikuwa ukisoma jikoni, daftari limeegemea mtungi, mkono mmoja wa kuandika na mmoja wa kusukuma kuni. Kuni zenyewe zilikuwa zimeikimbia Magongo. Bi Mishi, jirani yetu, alinieleza kwamba alipoolewa hapa alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na kurudi na mzigo kabla maji hayajachemka. Sasa palipokuwa na vichaka pana vyumba vya kupanga, vya watu wa reli na bandari, na kila chumba kina chungu chake. Wewe ulikuwa ukienda mara tatu kwa juma, unateremka mpaka kwenye mikoko ya ghuba, unarudi na tope hadi magotini na mikwaruzo mikononi. Bi Mishi anauza kamba wa kukaanga, naye hakukulaumu wewe bali alilaumu majiko yote kwa jumla. Alisema mkoko mmoja ukiingia jikoni, kamba wanaohama ni wa kaya nzima, na kwamba tutakuja kula moshi mtupu siku moja na ndimu. Na alfajiri nilikusikia ukikohoa. Nilikuwa nimelala karibu na baba yako, nimefurahi kupita kiasi, na upande wa pili wa ukuta mtoto anakohoa. Furaha yangu ikaona haya.

Nakwambia haya ujue kwamba nilikuwa na sababu. Nilitaka kukuondolea ule mzigo kichwani. Nilitaka ukalie kitabu chako kwenye hewa safi. Nikamwomba baba yako aniletee kopo kubwa na magunia ya unga wa mbao, nikamwambia ni ya shule. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo, nilidhani ni wa kupendeza. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyejua jiko hilo miaka yote hakuwahi kulileta nyumbani kwake. Nilidhani ni kwa sababu wanaume hawafikirii jikoni.

Uliondoka Jumamosi kwenda Rabai, kama mlivyokwenda leo, na baba yako alikuwa kazini, akufuate huko akitoka. Nikaingia jikoni na jembe.

Yale mafiga matatu nilikuwa nimeyaona kila siku wala sikuwa nimeyatazama. Nilijua ni mawe. Sikujua kwamba nyanyako aliyachagua mwenyewe kwenye kilima nyuma ya nyumba yake, moja moja, siku marehemu mama yako alipoolewa na kupewa jiko lake. Sikujua kwamba mama yako aliyaleta mpaka hapa na hakukubali yapakiwe na mizigo ya watu wengine, akaketi na moja mapajani njia nzima. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza.

Tulikuwa tumepika uji asubuhi na mawe bado yalikuwa na moto. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kila kitu kiwe tayari. Nikachota maji ya mtungi nikayamwagia yapoe niweze kuyabeba.

Mawili yalitoa mvuke tu. La tatu, lile la upande wa mlango, lililia kama kofi, likapasuka katikati.

Mtoto wa miaka sita wa Magongo anajua kwamba figa lenye moto halimwagiwi maji. Mimi, mwenye cheti cha upishi, sikujua. Nilisimama pale na kata mkononi. Nikatazama mlangoni, na Bi Mishi alikuwa amesimama uani kwake na sinia la kamba kichwani, ananitazama.

Nikayachukua yale mawili mazima nikayaweka bafuni, chini ya ubao wa kukanyagia, kwa sababu palikuwa na maji na ubao ulikuwa unazama. Niliona nimeyapa kazi nzuri. Vipande vya la tatu nikavifunga kwa kanga yangu kuukuu nikavisukuma nyuma ya magunia. Kisha nikalipanga jiko langu jipya, nikafagia, nikatandika kitambaa, nikapika wali wa nazi na mchuzi wa kunde. Mlipoingia jioni ya Jumapili nilikuwa nimevaa gauni la maua.

Nakumbuka ulisimama mlangoni. Hukulitazama kopo. Ulitazama chini, pale palipokuwa na mviringo wa udongo mweusi, na ukaniuliza kwa adabu kabisa mafiga ya mama yako yako wapi. Nikakujibu kwamba mawili yako bafuni, na la tatu nimemwazima Bi Mishi akazuie mlango wa banda lake la kuku.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na haukuwa mdogo.

Hukunitukana. Ningependa ungenitukana. Uliosha mikono, ukasema umeshiba, ukaenda kulala. Baba yako alikula. Alikula polepole, akasifu wali, na alipomaliza akaniambia yale niliyokwisha kukuandikia hapo juu, juu ya nyanyako na kilima na safari ya jiwe mapajani. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Kisha akasema kitu ambacho sijakusimulia. Alisema, "Mimi lile kopo ningelileta zamani. Niliona Sidi amebaki na mahali pamoja pa kukaa na mama yake, nikaacha."

Nilipaswa kumwambia palepale. Kanga ilikuwa hatua nne kutoka tulipoketi. Lakini nilikuwa mke wa majuma sita, Sidi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kuna mtu ananitazama kana kwamba sina kasoro. Sikuweza kuutoa mkono wangu kwenye moto huo.

Siku zilizofuata unazijua. Ulikula kwa Bi Mishi. Mimi nikashindana na jiko langu peke yangu, na Mungu akanicheka. Gunia la pili baba yako alilijaza gizani kiwandani, bila kujua kwamba siku hiyo walipasua nguzo za simu, zile zilizopakwa dawa nyeusi. Nikasonga ugali. Ugali ukanuka kama njia ya reli. Nikaongeza kitunguu kwenye mchicha nikadhani nitaifunika harufu. Ikawa reli yenye kitunguu. Bi Mishi akaja uani, akavuta pumzi, akaniuliza kama tunapika au tunapaka mashua lami.

"Bi harusi," akaniambia, "mume amesema nini?"

Nikamwambia mume amekula.

"Wallahi huyo anakupenda," akasema. "Paka wangu amehama."

Tulicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia akajua silii kwa ajili ya ugali. Akaketi. Nilimwomba asiseme alichokiona. Akaniambia yeye hana macho wala hana ulimi, ni muuza kamba tu, na kama nimesema jiwe liko bandani kwake basi liko bandani kwake. Kisha, akiinuka, akasema, "Jiwe litanyamaza, mwanangu. Wewe utaweza?"

Nilidhani nitaweza. Jumatano nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi hadi Mazeras, nikazunguka vilimani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi mpaka nikapata jiwe la rangi ileile, la ukubwa uleule, lenye bapa juu. Nikalitia kwenye kikapu, nikalifunika kwa madaftari ya wanafunzi. Mzee mmoja kwenye basi, mtu mwema, alitaka kunisaidia kukipandisha kikapu, nacho nusura kimwangushe. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia vitabu. Akasema, "Labda vile vya Musa, vya mawe." Basi zima likacheka, nami nikacheka nao, na jasho linanitoka. Usiku ule, baba yako akiwa kwenye mkutano wa kwaya na wewe kwa Bi Mishi, nililichoma jiwe kwa moto mkali, nikalipaka masizi na mafuta ya nazi, nikalichoma tena. Asubuhi yake nikakuambia Bi Mishi amelirudisha.

Ulichofanya baada ya hapo ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumwona mtu akifanya, na hukujua natazama.

Uliingia jikoni peke yako. Uliyapanga mawe matatu kwenye alama zake. Nilidhani sasa utalitoa kopo langu nje, na ningenyamaza, ilikuwa haki yako. Badala yake ulilikalisha kopo katikati, ukalipima kwa macho, ukaona limezidi kimo, ukachukua panga ukachimba kishimo na kulizamisha, ukaacha tundu la chini limeelekea mlangoni lipate hewa. Ukaweka sufuria juu ya mafiga. Hapo ndipo ulipofanya kile ambacho mimi na baba yako hatukukifikiria: ulikuwa umeacha nafasi ya vidole viwili kati ya mdomo wa kopo na sufuria, na mawe yakawa ukuta wa kuzuia upepo. Tulikuwa na jiko linalopepesuka na kuunguza katikati. Ukawa umetupa jiko lililotulia, lenye joto pande zote, na mawe yale yakashika moto hata kopo lilipozima, yakaendelea kuupika uji kwa ajili yetu.

Uligeuka ukaniona. Ukasema, "Huku mama, huku wewe, Mwalimu. Chungu hakiulizi moto ni wa nani."

Ukaenda zako kuchota maji. Mimi nilibaki nimeshika mwimo wa mlango.

Nimejiuliza mara nyingi kama wanawake wenye vyeti wangeweza kulifikiria hilo. Mimi nilitaka kuufuta moto wa zamani ili niwashe mpya. Wewe uliona kwamba moto ni mmoja. Sasa wanawake sita upande huu wa Magongo wanapika hivyo, na kila mmoja ameliweka kopo katikati ya mafiga yake mwenyewe bila kung'oa jiwe hata moja. Walimjia Bi Mishi kuuliza, na Bi Mishi akawaambia ni ubunifu wa binti wa hapa jirani, tena akawaonya wanuse gunia kabla ya kuwasha.

Sijidanganyi kwamba tumefika mahali. Kiwanda kikifunga kwa sikukuu hatuna unga. Maharage bado yanataka kuni, kwa sababu kopo likishaanza kuwaka huwezi kuliongeza, na maharage hayajui saa mbili ni nini. Mikoko bado inakatwa, na malori bado yanaipeleka kwenye matanuri ya chokaa. Lakini wewe uliacha kwenda ghubani mara tatu, ukawa unaenda mara moja, na zile siku mbili ulizipa vitabu, na ndiyo maana sanduku hili liko wazi kitandani. Kikohozi cha alfajiri kimepungua. Hakikwisha. Kimepungua, nami hulala nikisikiliza kule kupungua kama muziki.

Watu wote sasa wanazungumza juu ya uhuru, nani atakaa kiti gani na bendera itakuwa rangi gani. Baba yako anapowasikiliza hutikisa kichwa kwa furaha, halafu anarudi nyumbani kunifungia gunia la unga uliochujwa vizuri. Na mimi humwona ni mtu mkubwa kuliko wote wanaotajwa, na nikimwambia hivyo anageuza uso kwa aibu, na shingo yake nyuma inakuwa kama ya mvulana.

Nimerudi tena kwake. Nisamehe. Naogopa kufika ninapokwenda.

Jana jioni ulikuja jikoni na gazeti la kufungia. Ulituambia umefikiri sana, na unataka kwenda na figa moja la mama yako. Ulisema chuoni utalala chumba kimoja na wasichana kumi wasiomjua, na unataka kuwa na kitu kilichomjua. Baba yako alikuitikia kwa kichwa. Kisha ukainama, ukaligusa lile la upande wa mlango, ukasema, "Nitachukua hili. Hapa ndipo alipokuwa akilazia mwiko."

Ukalitoa ukalifuta kwa ukingo wa leso yako. Ulilifuta lile bapa la juu kwa kidole gumba, polepole, kana kwamba unafuta uso wa mtu.

Si hilo, Sidi. Mama yako hakuwahi kulaza mwiko hapo. Mwiko pekee uliolazwa juu ya jiwe hilo ni wangu. Nililiokota Mazeras, nikalipaka masizi, nikakudanganya wewe na baba yako kwa mdomo uleule ninaosalia. Jiwe la mama yako nililivunja mimi, asubuhi ile, kwa kata ya maji, na vipande vyake viwili viko kwenye kanga ya buluu ninayokuwekea kando ya barua hii. Vimepasuka vizuri, ukivibana vinashikana na mstari hauonekani sana. Bapa limegawanyika, lakini alama ya mwiko ipo, imekata pande zote mbili. Ni mfereji mdogo, laini. Nimeupitisha kidole mara nyingi kuliko unavyodhani.

Nilifikiri kukuacha uende nalo lile. Nakiri. Usiku kucha nilijiambia kwamba jiwe ni jiwe, kwamba kinachokufariji ni moyo wako mwenyewe na si kilima cha Rabai wala cha Mazeras, kwamba kukuambia ni kujitua mzigo mimi na kukutwisha wewe siku ya safari. Ni hoja nzuri. Hata mwanasheria angeisifu. Lakini nilikuona tena na kidole gumba chako. Ungeliweka jiwe langu chini ya kitanda chako miaka yote ya chuo, ungelionyesha watoto wako, na kila ukiligusa ungekuwa unanigusa mimi ukidhani ni yeye. Siwezi kukufanyia hivyo. Siwezi kumfanyia yeye hivyo pia, ambaye sikumjua, lakini nimepika kando yake miezi mitano na ameninyamazia kwa upole mkubwa.

Utakwenda kufundisha, mwanangu. Utaingia nyumba za watu na shule za watu, na kwa macho yako hayo utaona upesi mno mahali penye kuni nyingi, moshi mwingi, kitu kinachotupwa bure. Utakuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi. Ile hesabu ya kuni haikuwa na kosa hata moja. Sina la kuongeza hapo. Unalijua kuliko mimi, ulilijua ulipokuwa na panga mkononi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, uikute huko, baada ya stesheni nyingi, nami niwe mbali. Ndivyo barua hizi zinavyofanywa, na ningekuwa nimeagana nawe stesheni ukiwa bado unanionea huruma. Nimeona kwamba huo ungekuwa uongo wa tatu. Kwa hiyo sitaiweka sandukuni. Mkirudi jioni hii, kabla hatujala, nitamwita baba yako aketi, nitamwambia kwa mdomo wangu yaliyomo humu. Sijui atanitazamaje. Ni mara ya kwanza tangu tuoane sijui atanitazamaje, lakini nitamwambia. Kisha nitakupa wewe karatasi hizi mkononi, pamoja na kanga, na nitakaa papo hapo mpaka umalize kusoma.

Ukitaka kunitukana, una usiku mzima na kesho yote mpaka treni. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila nyamaza mbele yangu, sitatoka jikoni. Ukitaka kuchukua vipande vyote viwili, ni vyako. Ukitaka kuchukua moja la yale mawili mazima na kuniachia mimi hivi vilivyovunjika, nitavitunza. Na ukiona huwezi kuchukua chochote kilichopita mikononi mwangu, nitalielewa na hilo, na nitakubebea sanduku mpaka stesheni vilevile.

Basi la Mazeras, la kuwarudisha kutoka Rabai, limepita barabarani. Nasikia Bi Mishi anawasalimu, na baba yako anaitikia. Wewe sijakusikia bado. Nasimama sasa kuja mlangoni kuwapokea.

Wako,
Esta